Uso wa Mama Angèle

Tangu asubuhi Casimir alikuwa anatafuta neno la kwanza. Kanisani hakusikia hata mahubiri. Padri alipanda, padri akashuka, yeye bado yuko na lile neno mdomoni analigeuza huku na huku. Baada ya misa akapita njia ndefu ya chini, ile inayofuata mto Panda, ili achelewe kufika. Jamani, mwanaume anayekwenda kwa mchumba wake hapiti njia ndefu! Ukimwona anazunguka hivyo, ujue ameharibu mahali.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu Katanga ijitenge, na mji ulikuwa na majina mawili: Jadotville kwenye barua, Likasi midomoni mwa watu. Mambo ya wakubwa tuwaachie wakubwa. Lililowagusa watu wa mtaa wa Kikula ni kwamba dawa za Ulaya zilikuwa zinakawia njiani, na mara nyingine hazifiki kabisa. Watoto walikuwa wanahara damu, na hospitali haina cha kuwapa zaidi ya maji ya chumvi na maneno matamu. Ndipo Monsieur Georges, Mzungu, mkemia wa maabara ya hospitali, alipoanza kutafuta dawa humu humu nchini, katika mizizi na maganda ya miti ambayo akina mama wanaijua.

Casimir alikuwa msaidizi wake. Yeye ndiye aliyetwanga, akaloweka katika alkoli, akachuja, akachemsha polepole mpaka kibaki kidogo chini ya chupa, halafu akadondosha tone la dawa ya kupimia. Maji yakifanya ukungu mweupe, kuna nguvu ndani. Yakibaki safi, mizizi hiyo inatupwa, na mama aliyeileta anaambiwa merci.

Kazi hiyo aliipenda. Ila alimpenda zaidi Bibiane, binti wa maternité, ile wodi ya wazazi, yule mwenye macho makubwa yanayokuangalia kama kwamba ulikuwa unasema jambo la maana hata ukiwa umenyamaza. Bibiane alikuwa analeta chupa za damu maabara kila asubuhi. Chupa zile zingeweza kuletwa na mtu yeyote, lakini alizileta yeye, na Casimir alizipokea yeye, na vidole vilikawia kuachana. Mwisho mjomba wa Casimir akatumwa Kikula na kitambaa na kuku, wakapokelewa, na uchumba ukawa uchumba.

Kuanzia siku hiyo Casimir akaingia katika buko. Wenyewe mnajua, au kama hamjui nitawaambia: kijana akishaposa, mama wa binti hamwangalii usoni, hasemi naye, hataji jina lake. Wakikutana njiani, kijana anaingia majanini na kugeuka. Maneno yao yanapita kwa mtu wa tatu. Hiyo ndiyo heshima, mpaka siku ile ya karamu ambapo mama anampikia mkwe wake na kumfungulia uso. Kwa hiyo Casimir alikuwa anaijua miguu ya mama Angèle, kandambili zake, pindo la kitenge chake, na ule mwendo wake wa kuchechemea. Uso wake hakuwahi kuuona hata mara moja.

Alipofika, Bibiane alikuwa uani amechutama mbele ya kinu, anachambua mboga ya matembele. Hakusimama.

"Karibu," alisema.

Ilikuwa karibu ya mtu anayeuza mkaa. Casimir akasimama katikati ya ua, mikono haijui iende wapi.

"Baba eko?"

"Eko ku kazi. Leo njo zamu yake."

"Na mama?"

"Mama eko. Unamutakia nini mama?"

Jikoni, nyuma ya ukuta wa matete, moto ulikuwa unalia kidogo kidogo. Casimir akasogea, akashusha sauti.

"Bibiane, nilikuja juu ya mambo ya Ijumaa."

"Mambo gani ya Ijumaa?"

"Weye unajua."

"Minye najua. Nataka nisikie weye ukisema."

Hapo ndipo lile neno la kwanza lilipompotea kabisa. Akaangalia viatu vyake. Alikuwa amevipaka rangi vizuri, na vilimfanya aone haya zaidi, maana vilikuwa viatu vya mtu aliyekuja kufurahi.

"Nilicheka," alisema.

"Ulicheka."

"Lakini batu yote ilicheka, Bibiane! Monsieur Georges njo alianza. Augustin wa kuosha chupa naye akafuata. Mi ningefanya nini?"

"Mama yangu eko mukwe wa Monsieur Georges?"

"Apana."

"Eko mukwe wa Augustin?"

"Apana, Bibiane."

"Basi acha balumiere zako hizo, bale bajuzi ba laboratoire, tuzungumuze yako." Akatupa jani la matembele kwenye sinia kwa hasira. "Na kucheka tu njo ulifanya? Eeh? Kama ni kucheka tu, mi ningelia siku moja, yaishe. Casi, ulifunga kitambaa ya kupangusia chupa ku kichwa! Ulishika muchi! Ulitembea hivi!"

Akasimama. Akazunguka kinu akiburuta mguu wa kushoto, mdomo ameubetua, anapepesuka. Alifanya vizuri sana, kwa sababu alikuwa anamwiga yeye Casimir akimwiga mama yake. Kisha akasimama ghafla, na yale macho makubwa yakajaa maji.

"Mama alivunjikaka muguu kule Kapolowe, akichimba hiyo mizizi mu shimo. Haukujua?"

"Sikujua."

"Nilikuwa ku mulango. Nilikuwa na chupa zangu mu mikono. Unajua nilifanya nini? Nilirudi nazo. Nilimwambia masœur, ule mutawa wa maternité, nimekuta laboratoire imefungwa. Mi, Bibiane, nimesema bongo, nimedanganya masœur, juu nilikuwa na haya ya kuingia mahali bwana yangu anafanya mama yangu mucheko."

Bwana yangu. Alikuwa bado anasema bwana yangu. Casimir akalishika neno hilo kama mtu anayezama anavyoshika tawi, na mara hiyo hiyo akaona haya kwa kulishika.

"Nilikuwa na haya mbele ya Muzungu," alisema taratibu. "Nisikilize. Nilimusifia ile dawa, kila siku namusifia. Monsieur, kuna mama moja pa Kikula, mutoto anahara damu, anamupa, asubuhi mutoto anaomba kula bukari. Monsieur akangojea. Akaacha na kazi zingine. Nikatwanga, nikaloweka, nikachuja, nikadondosha tone. Maji safi, Bibiane! Hata kaukungu kadogo kama ya pumuzi, apana. Nikadondosha tena. Safi! Muzungu akaniangalia. Akasema, Casimir, tumepika mchuzi ya bure. Mi nikasikia dunia inafunguka. Nikaona, kama mi mwenyewe nacheka kwanza, haya itapita upesi."

"Ilipita?"

"Apana."

"Ungenyamaza tu."

"Nilipashwa ninyamaze."

Bibiane akajipangusa macho kwa kiganja cha mkono, akamtazama kwa muda. Na Casimir, kwa kosa lile lile la watu wanaopenda, akadhani yamekwisha. Akanyoosha mkono. Bibiane akaukwepa.

"Donc," alisema, "unaniomba pardon juu ya kucheka. Lakini ku roho yako unasema dawa ya mama haina na kintu."

Casimir akavitazama tena viatu vyake.

"Sema."

"Bibiane, laboratoire haichukie muntu. Maji ikibaki safi, iko safi. Kama mama ya Monsieur Georges mwenyewe angeileta, ingebaki safi."

"Ah bon."

Akaingia ndani. Akatoka na furushi dogo la jani lililokauka, limefungwa kamba ya gome, na Casimir akalitambua mara moja: ni lile alilopeleka maabara mwenyewe. Nusu yake ilibaki kwenye rafu.

"Jana nilimuomba Augustin akanipa," alisema Bibiane. "Nilitaka nimurudishie mama mali yake, ndani ya nyumba yake, asiwe na haya. Nikamupa. Akafungua. Akaniangalia. Akakaa chini." Akalifungua furushi juu ya kinu. "Nusa."

Casimir akanusa. Harufu ya udongo, na nyuma yake kitu kitamu kitamu.

"Tafuna."

Akatafuna uzi mmoja wa mzizi. Ulikuwa mgumu, una nyuzi nyingi, hauna uchungu. Akautafuna tena, na ladha ikamjia mdomoni polepole, akaona Jumapili zote za utoto wake kule Kambove, mama yake anachuja kinywaji cha mahindi kwenye kibuyu, watoto wamepanga mstari na vikombe vyao.

"Mungu wangu," alisema.

"Ni nini?"

"Bibiane…"

"Iite jina, monsieur wa laboratoire. Ni nini?"

"Munkoyo."

"Munkoyo!" Bibiane akapiga makofi mara moja, kwa uchungu. "Muntu wa Kambove, mutoto wa Germain, ulikunywa munkoyo tangu uliacha ziwa ya mama yako, unaibeba mu jani, unamupelekea Muzungu, unaitwanga, unaitia mu alcool! Na Muzungu anasema haina kintu! Itakuwa na nini? Iko mizizi ya kufanyizia pombe ya batoto! Mama aliitafuta juu ya karamu yako, Casi. Karamu ya kukufungulia uso. Njo ile ulienda nayo!"

Sasa usimlaumu sana, msomaji, kwamba hakuijua. Mizizi ya munkoyo ni mambo ya wanawake. Mwanaume anaijua ikiwa tayari kikombeni. Lakini yeye alijilaumu, na alikuwa na haki. Ile siku ikamrudia yote, kama ilivyokuwa.

Alikuja kuchukua dawa kama walivyopatana. Bibiane alikuwa amekwenda bombani kuteka maji, na foleni ilikuwa ndefu. Casimir akabisha, akaingia uani, na hapo hapo mama Angèle akatoka jikoni. Wawili peke yao! Mkwe na mama mkwe, hakuna mtu wa tatu, hata mtoto wa jirani! Casimir akageukia ukuta, macho chini, jasho linamtoka. Mama naye akajifunika uso kwa kitenge. Mlangoni kulikuwa na mafurushi mawili yanayofanana. Kusema, mama asingeweza. Kumpa mkononi asingeweza. Kwa hiyo akafanya kile ambacho watu wote wa Katanga wanafanya mikono ikiwa haifai: akafungua kitenge kidogo, akaonyesha kwa mdomo, akabetua midomo upande wa furushi la kulia, kisha akakimbilia ndani akichechemea. Casimir akasikia kandambili zinaondoka. Akainama, akakamata furushi lililokuwa karibu na kiatu chake, akatoka mbio kama mwizi.

"Alikuonyesha na mudomo," alisema Bibiane. "Mama anasema alikuonyesha na mudomo."

"Sikumuangalia mudomo! Bibiane, mi ningemuangaliaka mama yako mudomo namna gani?"

Ikatoka kwa sauti ya mtu anayekaribia kulia, na labda kwa sababu hiyo Bibiane hakuweza kujizuia. Kicheko kilimponyoka puani. Akauma mdomo, akaangalia pembeni, mabega yanamtikisika.

"Weye!" alisema. "Heshima yako itakuua."

"Nilikuwa na woga."

"Nilijua uko na woga. Mama naye alikuwa na woga. Alisema moyo ilipiga mpaka ku masikio."

Wakaangaliana. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Casimir akaona jinsi alivyokuwa amekonda usoni kwa hizo siku chache tu, na nywele amezisuka upya, mistari midogo midogo, ile anayoipenda yeye. Amezisuka kwa ajili ya nani, kama si kwa ajili yake? Roho ikamlegea. Akasema mambo ambayo hakuwa ameyapanga njiani: kwamba Jumatatu atamwambia Monsieur Georges mbele ya watu wote kwamba kosa ni lake, kwamba ataleta magoti yake hapa, kwamba yeye bila Bibiane ni mtu wa kula na kulala tu.

"Usiniambie minye," alisema Bibiane. Sauti yake ilikuwa imelainika. "Mwenye kuumia si minye peke."

Na hapo, nyuma ya ukuta wa matete, mtu akakohoa.

Casimir akageuka haraka, akaupa ukuta mgongo. Masikio yakawaka moto. Alikuwa pale muda wote! Kila neno, tangu lile la kwanza, mama Angèle amelisikia akiwa anachochea moto.

"Bibiane," sauti ilisema kutoka jikoni, sauti tulivu, nzito kidogo. "Uliza mugeni alikuja na neno gani."

Kusikia, mama alikuwa amesikia yote. Lakini katika buko neno ambalo halijapita kwa mtu wa tatu halijasemwa. Bibiane akajipanga katikati ya ukuta na mchumba wake, akashika mikono yake mbele kama siku ya komunyo ya kwanza.

"Mama anauliza ulikuja na neno gani."

"Mwambie mama," alisema Casimir, macho kwenye vumbi, "nilikuja kuomba pardon."

"Mama, anasema alikuja kuomba pardon."

"Ya nini?"

"Anauliza, ya nini."

Hapa ndipo msomaji ujiulize wewe ungesemaje. Kumkosea mtu ni jambo moja. Kumweka binti unayempenda asimame katikati, achukue kosa lako neno kwa neno, alitie mdomoni mwake, amwambie mama yake aliyemzaa, hiyo ni haya nyingine ambayo Casimir hakuwa ameijua.

"Mwambie… nilibeba furushi isiyo yake, juu sikuangalia."

"Anasema alibeba furushi isiyo yake, juu hakuangalia."

"Hiyo si kosa," ilisema sauti. "Hiyo ni heshima. Hiyo tulikosa wote wawili. Aendelee."

"Mama anasema hiyo haina kosa. Endelea."

"Mwambie nilicheka."

"Anasema… alicheka."

"Nilifunga kitambaa ku kichwa."

"Alifunga kitambaa ku kichwa, mama."

"Nilitembea na muguu yake."

"Alitembea na muguu yako," alisema Bibiane, na chozi likamtiririka mpaka kidevuni. Hakulipangusa.

Moto ukapasuka jikoni. Jirani alikuwa anamwita kuku wake. Mama Angèle aliposema tena, sauti haikuwa na hasira, na Casimir angependa iwe na hasira.

"Nimesikia. Batoto ya leo banachekaka. Hiyo itapita. Lakini kuna kintu kimoja sielewe, Bibiane, nisaidie. Mi niko muzee. Nimeona baume mingi. Haijatokea mwanaume anamuiga mama mukwe wake mbele ya batu benye kujua ni mama mukwe wake. Hata mulevi hafanye. Basi muulize. Wakati Muzungu alimuuliza hiyo dawa ya nani, alimujibu nini?"

Bibiane akageuka. Alikuwa na uso wa mtu anayeuliza swali jepesi la mwisho ili mambo yaishe, watu waende kula.

"Mama anauliza, Muzungu alipokuuliza dawa ya nani, ulimujibu nini?"

Na hakuna mwingine aliyejua Casimir alijibu nini. Hiyo nawaambia waziwazi. Bibiane alifika mlangoni baadaye, alikuta kicheko tu. Augustin alikuwa chumba cha pili anaosha chupa. Monsieur Georges hawezi kufika Kikula kumwambia mtu. Casimir angesema, nilimujibu ni ya mama yangu mukwe, na dunia nzima ingekubali, na kufika Krismasi angekuwa amekaa katika ua huu huu mbele ya sinia ya bukari na samaki wa Kapolowe, mume wa mtu. Neno lenyewe lilikuwa limekwisha fika kwenye ulimi.

Lakini Bibiane alikuwa anamwangalia na yale macho yake. Uongo wowote atakaoutoa, atamkabidhi yeye aupeleke. Ataurudia kwa sauti yake nzuri, mikono imeshikana mbele, na atauamini.

"Muzungu alinicheka," alisema Casimir. "Akasema, Casimir, ni mama mukwe yako anatutumia kuni? Kwa kucheka tu. Na mi…"

"Na weye?"

"Nilimujibu: apana, Monsieur. Si mukwe yangu. Ni mumama moja tu wa mu quartier, wa mu mutaa."

Bibiane hakulirudia. Alisimama pale pale, mikono yake ikaachana, ikaanguka upande huu na upande huu.

"Casi," alisema.

"Nilikuwa na haya."

"Ya mama yangu."

"Ya mama yako. Eeh. Nilikuwa na haya ya mama yako." Hakujua kwamba angeweza kulisema, na kumbe limetoka. "Nilikuwa na haya Muzungu asifikiri mi niko muntu wa mizizi. Sasa niko na haya ingine, na hiyo ya leo haina pa kuiweka."

"Bibiane," ilisema sauti, "neno halijafika."

"Mama, siwezi."

"Neno halijafika, mwanangu."

"Siwezi, mama! Usinitume!"

Basi wakasikia kigoda kinasogezwa, na kandambili zikaanza kuburuta kwenye udongo: mguu mmoja mzima, mguu mmoja wa taabu. Zilikuwa zinakuja upande wa mlango wa jikoni. Bibiane akaruka.

"Mama, apana! Mama, tafazali! Casi, geuka! Geuka, nakuambia! Funga macho!"

Casimir akageukia kinu, akafumba macho kwa nguvu. Kandambili zikamzunguka. Zikasimama mbele yake, karibu kabisa, akasikia harufu ya moshi na ya sabuni.

"Fungua macho, kijana," alisema mama Angèle. "Mumama wa mu quartier, batu banamuangaliaka mu macho."

Angekimbia. Lango lilikuwa wazi. Lakini mtu aliyemkosea mama yule maabara hakuwa na haki ya kumkosea tena kwa kumwacha amesimama na mguu wake mbovu. Akafungua macho.

Yalikuwa macho ya Bibiane. Ndiyo yale yale, makubwa, yenye kukuangalia kama kwamba ulikuwa unasema jambo la maana. Yamezeeka tu pembeni, na moshi umeyatia wekundu. Mdomo haukuwa umebetuka hata kidogo. Ulikuwa mdomo mzuri. Alikuwa amemwiga mwanamke ambaye hakuwahi kumwona usoni, akamfanyia sura ya kubuni, na wote wakacheka sura hiyo.

Mama Angèle akamnyooshea mkono wa kuume, kama mtu anavyomsalimu jirani. Casimir akaupokea kwa mikono miwili, akapiga goti.

"Simama, baba. Simama. Sina na hasira." Akafungua furushi alilokuwa amelishika kwapani. "Ona sasa. Angalia muzuri, juu leo unaweza kuangalia. Hii njo dawa. Ni ganda ya muzizi, si muti wa ndani. Iko nyekundu hivi. Ukiiramba, inakamata ulimi. Peleka kwa Muzungu wako aitie mu machupa yake, na akiona kintu, apatie batoto. Banakufa bure mu hospitali. Haiko kosa ya batoto."

"Mama, mi sistahili…"

"Sikukuuliza hiyo. Umeona namna iko?"

"Nimeona, mama."

"Utaijua tena?"

"Nitaijua."

"Bon. Kitambaa ya mujomba wako na kuku yake, baba ya Bibiane atabirudisha ku Jumamosi. Tulibipokea na mukono safi, tutabirudisha na mukono safi."

Nyuma yao Bibiane alitoa sauti ndogo. Mama Angèle hakugeuka. Alikuwa anafunga furushi upya, taratibu, kamba mara mbili. Akamwekea mikononi.

"Kijana," alisema, "jina yako njo nani?"

Mwaka mzima hakuwahi kulitaja. Ndani ya nyumba hii alikuwa mugeni, alikuwa ule, alikuwa bwana ya Bibiane. Jina la mkwe halitoki mdomoni mwa mama. Casimir alielewa anaulizwa nini, na kwamba akijibu atakuwa amekubali kuwa si mkwe tena. Akamwangalia Bibiane. Bibiane alikuwa anatikisa kichwa: usijibu, usijibu. Lakini mama alikuwa anangoja, uso wazi, na mtu mzima akikuuliza jina unampa.

"Casimir, mama. Mutoto wa Germain, wa Kambove."

"Merci, Casimir," alisema mama Angèle. "Enda muzuri, Casimir. Usalimie baba."

Alilitaja mara mbili, bila shida. Bibiane alipolisikia jina hilo likitoka katika mdomo wa mama yake, akakaa chini pale pale kwenye matembele yake, akajifunika uso kwa mikono, akalia kwa sauti. Casimir akapiga hatua kumwendea, halafu akakumbuka kwamba sasa katika ua ule yeye ni kijana mmoja tu wa mjini, na kijana wa mjini hamshiki binti wa watu mbele ya mama yake. Akatoka na dawa mikononi, akapita njia fupi, katikati ya watu waliokuwa wanatoka misa ya pili, na kila aliyemjua alimsalimia.